Uundaji wa Maneno: Chipsi, Zege na Mtandao

Umekaa kibandani Mbuyuni, Moshi. Umeagiza chipsi mayai, na wakati unasubiri umefungua YouTube kutazama habari mubashara. Hapo tayari una mifano ya kutosha kujibu swali zima. Tatizo ni kwamba watahiniwa wengi hutaja njia na neno, kisha huishia hapo. Onesha neno lilivyoundwa, ndipo upate alama zote.

Chipsi limetoholewa kutoka Kiingereza. Huko linaishia na konsonanti. Kiswahili kikaliongezea irabu i. Intaneti ni vivyo hivyo. Mubashara limekopwa kutoka Kiarabu, na mtori (ambao ungekushibisha vizuri zaidi) ni neno la Kichaga. Usidhani tunakopa kutoka ng'ambo tu.

Mtandao halikukopwa. Limetokana na kitenzi tandaa kwa uambishaji: m-tanda-o.

Sasa zege, ambalo wengi hulisahau. Fundi ujenzi huchanganya saruji, mchanga, kokoto na maji, vikashikamana. Mpishi naye humimina mayai juu ya chipsi, zikashikamana vilevile. Watu wakafananisha sura, na neno la zamani likapata maana mpya. Lakini zege la kibandani ni neno la misimu: litolee mfano kwenye jibu lako, usiliandike kwenye barua rasmi.

Zoezi: Kwa kuonesha hatua zote, eleza jinsi maneno haya yalivyoundwa: baga, kisimbuzi, BAKITA.