Rufaa Yenye Tarehe: Mwongozo kwa Watumishi wa Huduma za Macho na Masikio Mkoani

Mwongozo huu unawahusu waganga na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, waratibu wa huduma za macho wa halmashauri, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Umelenga mikoa ya katikati mwa Tanzania, hasa Dodoma, ambako vumbi, uhaba wa maji na umbali wa hospitali huwakuta watu walewale kwa pamoja.

Nianze na karatasi. Katika ziara moja ya usimamizi nilimkuta bibi ameketi nje ya zahanati, akisubiri dawa ya mjukuu wake. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa, mboni nyeupe kama tui. Nilipomuuliza kama amewahi kuonwa na mtaalamu, alifungua pindo la khanga akatoa karatasi ya rufaa iliyokunjwa hadi mikunjo ikaanza kutoboka. Ilikuwa imeandikwa na zahanati hiyohiyo miezi 14 nyuma. Daftarini, mbele ya jina lake, kulikuwa na alama ya vema: amepewa rufaa. Nikamuuliza kwa nini hakwenda. Akasema, “Mwanangu, waliniambia niende hospitali. Hawakuniambia niende lini, wala nani atanishika mkono.”

Kosa hilo ndilo kubwa kuliko yote katika huduma zetu. Tunao watu wanaoweza kumtambua mgonjwa, na mkoa una vyumba vya upasuaji. Mgonjwa anapotea katikati, na daftari letu halioni kwamba amepotea.

Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka malengo ya mwaka 2030: kuongeza kwa pointi 30 za asilimia kiwango cha upasuaji wa mtoto wa jicho wenye matokeo mazuri, na kwa pointi 40 za asilimia kiwango cha watu waliopata miwani inayowafaa. Maneno ya kushika hapo ni “matokeo mazuri”. Kipimo hicho hakihesabu karatasi zilizoandikwa wala watu waliolazwa. Kinamhesabu aliyetoka hospitalini anaona 6/12 au zaidi.

Kupima macho zahanati

Hapahitajiki mashine. Bandika chati ya herufi E penye mwanga wa kutosha, pima mita 6 kwa kamba na uweke alama sakafuni ili asije mtu akakadiria kwa hatua. Pima jicho moja moja, lingine likiwa limefunikwa kwa kiganja bila kulibonyeza. Asiyefika 6/12 aangalie tena kupitia kitundu kidogo kilichotobolewa kwenye kadi nyeusi. Akiona vizuri zaidi, huenda tatizo lake ni la miwani. Asipopata nafuu, mulika tochi, tazama mboni, na mpe rufaa. Mtu aliyepita miaka 40 ambaye mbali anaona sawasawa ila hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano au kuchambua mchele, kwa kawaida anahitaji miwani ya kusomea tu. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama haoni tatizo lolote.

Wapo wasiosubiri hata siku moja: mtoto mwenye mboni nyeupe, kwani inaweza kuwa saratani ya jicho, mtoto mchanga chini ya siku 28 mwenye macho yanayotoa usaha, jicho lililochomwa au kupasuka, ambalo hufunikwa bila kubonyezwa, na jicho jekundu lenye maumivu na uoni uliopungua. Aliyeingiwa na chokaa au dawa kali aoshwe hapohapo kwa maji safi mengi, dakika 30, kabla ya kufikiria usafiri. Na tafadhali, matone yenye steroidi yasitolewe zahanati kwa kila jicho jekundu. Yanaweza kukuza kidonda cha kioo cha jicho na kupandisha presha ya jicho, na uoni unaopotea kwa presha ya jicho haurudi.

Kuhusu vikope, yaani trakoma, Dodoma ina historia ndefu. Wilaya ya Kongwa imefanyiwa utafiti wa ugonjwa huu tangu miaka ya 1980. Malawi, jirani yetu, ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kuwa imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii, kwa njia zilezile tunazozijua: upasuaji wa kope zilizopinda, dawa ya azithromaisini kwa jamii nzima, kuosha uso, na maji pamoja na vyoo. Angalieni hasa wanawake. Wao hupata upofu wa trakoma hadi mara 4 kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto wenye maambukizi. Mama anayekuja kliniki na kibanio cha kung’olea kope kwenye mkoba amekwisha kukueleza ugonjwa wake.

Sikio limeachwa nyuma

Ni wajibu kusema wazi kwamba masikio hayapewi nafasi yanayostahili. Mama akileta mtoto mwenye homa na kuhara, tunamhudumia. Akisema sikio linatoa usaha, huambiwa litakoma mtoto akikua. Halikomi. Ngoma ya sikio hubaki imetoboka, mtoto hasikii vizuri, mwalimu anamwona mzito wa kuelewa, na miaka ya shule inapita. Ripoti ya dunia kuhusu usikivu ya mwaka 2021 inaeleza kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unaweza kuzuilika. Usaha wa sikio umo humo.

Tiba ya kwanza ni kukausha sikio, na mama afundishwe kwa kufanya mwenyewe mbele yako. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachofyonza maji, kisokote kiwe utambi. Vuta sikio la mtoto taratibu, ingiza utambi, subiri uloe, utoe, weka mwingine. Rudia hadi utambi utoke mkavu. Mara 3 kwa siku. Utambi uliotumika hutupwa. Vijiti vya pamba, njiti ya kiberiti na unyoya wa kuku havina nafasi hapa, na vivyo hivyo mafuta ya taa, mafuta ya kupikia na maziwa ya mama ambavyo wengi wetu tumevikuta vimeshamiminwa kabla mtoto hajafika.

Usaha wa chini ya siku 14: kausha, na umpe amoksilini kwa siku 5. Usaha wa siku 14 au zaidi: kausha, kisha matone ya sikio ya siprofloksasini kwa wiki 2, halafu umwone tena. Matone ya jentamaisini yasitiwe kwenye sikio ambalo ngoma yake imetoboka, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuua usikivu. Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, mpe dozi ya kwanza ya antibayotiki na mpe rufaa ya dharura siku hiyohiyo.

Kwa mtu mzima, simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, azibe sikio moja, umnong’oneze maneno matatu ya kawaida ayarudie. Kwa mtoto, swali moja kwenye kliniki ya chanjo linatosha kuanzia: anageuka ukimwita akiwa hakuoni?

Kuandika rufaa

Rufaa isiandikwe bila tarehe. Kabla ya kuiandika, piga simu hospitali inayopokea, iwe ya rufaa ya mkoa, Benjamin Mkapa, au Mvumi iliyopo Chamwino, ulizia siku ya kliniki na gharama, kisha mwambie mgonjwa kwa maneno, mbele ya atakayemsindikiza. Andika namba mbili za simu, moja ikiwa ya jirani au mjumbe wa shina, maana wazee wengi hawana simu. Wagonjwa wa kata moja wapangiwe siku moja ili wachangie gari. Ikiwezekana wasafiri na mtu wa kijijini mwao aliyekwisha kufanyiwa upasuaji. Neno lake lina uzito kuliko hotuba ya mratibu.

Bibi mzee mara nyingi hatataja nauli, kwa kuwa anaona aibu kuwa mzigo kwa wanawe. Sehemu nyingi za Afrika wanawake wanafikiwa na upasuaji wa mtoto wa jicho kwa kiwango kidogo kuliko wanaume, na aibu hiyo ni sababu mojawapo. Muulize kwanza yeye kama anaridhia, kisha zungumza na mtoto wake mwenye uamuzi wa fedha.

Kambi za upasuaji zinakaribishwa, kwa sharti moja: kila mgonjwa apimwe uoni kabla na baada, na nakala ya orodha ibaki halmashauri. Kambi ikiondoka na daftari lake, hakuna atakayemtafuta mwenye jicho lililopata maambukizi wiki ya pili.

Daftari na bajeti

Katika daftari la rufaa ongezeni safu tatu: tarehe aliyopangiwa, tarehe aliyofika, na uoni au usikivu wake baada ya huduma. Ijumaa ya mwisho ya mwezi mratibu achukue majina yenye safu ya pili tupu na kuyapigia simu moja moja. Asiyepatikana, mhudumu wa afya wa kijiji amfuate nyumbani. Taarifa za MTUHA ziendelee kama zilivyo; safu hizi ni za kumtafuta mgonjwa.

Kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri, ombeni vitu kwa majina yake: chati, tochi, otoskopu moja kwa kila kituo cha afya, matone ya siprofloksasini, miwani ya kusomea, muda wa maongezi wa mratibu. Palipo na watoto wanaotumia shimesikio, wekeni pia fedha ya betri. Betri huisha baada ya wiki chache, na mtoto aliyeanza kusikia sauti ya mama yake hurudi kwenye ukimya siku betri inapoisha.