Kutoka Shekeli hadi Gramu

Kitabu cha Kwanza cha Samweli kinasema kwamba dirii ya shaba aliyovaa Goliathi ilikuwa na uzito wa shekeli 5,000. Hizo ni kilo ngapi? Majedwali yaliyo mwishoni mwa Biblia nyingi hujibu kwa mstari mmoja, bila kuonyesha jibu lilivyopatikana. Hapa tutalitafuta wenyewe, kwa sababu anayeijua njia hujua pia jibu lenyewe ni la kuaminika kiasi gani.

Tuanze na tendo la kupima. Mizani ya kale ilikuwa ufito ulioning'inizwa katikati, wenye sahani mbili. Sahani moja iliwekwa bidhaa, nyingine mawe ya kupimia. Ufito ukitulia sawa, pande zote mbili zina kiasi sawa cha mata. Kiasi hicho wanafizikia hukiita tungamo. Katika mazungumzo ya kawaida tunakiita uzito, nasi tutafanya hivyo. Mizani ya namna hii hailinganishi kitu na namba, bali kitu na kitu. Basi shekeli ilikuwa, mwanzo na mwisho, jiwe ambalo watu walikubaliana kulitumia.

Ili kuifikia gramu tunahitaji mambo mawili: uwiano wa vipimo vya Kiebrania kati yao, na kiungo kimoja cha kuviunganisha na vipimo vyetu.

Uwiano tunaupata katika maandiko. Kitabu cha Kutoka kinaeleza kwamba shekeli moja ni gera 20, na kwamba beka ni nusu ya shekeli. Talanta haikuelezwa waziwazi, lakini sura ya 38 inatuwezesha kuikokotoa. Wanaume 603,550 walitoa beka moja moja. Nusu ya idadi hiyo ni 301,775, na ndizo shekeli zilizokusanywa. Sura hiyohiyo inazitaja kuwa talanta 100 na shekeli 1,775. Tukiondoa hizo 1,775, zinabaki shekeli 300,000 kwa talanta 100. Kwa hiyo talanta moja ni shekeli 3,000. Hesabu hii inapendeza kwa kuwa mwandishi wa kale hakukusudia kutufundisha kipimo. Aliandika mapato, na kipimo kikajidhihirisha ndani yake.

Kiungo chenyewe hakimo katika kitabu chochote. Kilitoka ardhini. Wachimbaji wa mambo ya kale katika Yerusalemu, Lakishi, Aradi na miji mingine ya Yuda wamepata mawe mengi ya kupimia, hasa ya karne ya 8 na ya 7 kabla ya Kristo. Mengi ni ya chokaa, yamechongwa juu mviringo kama kuba na chini bapa ili yasibingirike. Juu yake pana alama ya shekeli, inayofanana na kitanzi kilichoachwa wazi, na kando yake tarakimu za mwandiko wa Kimisri. Baadhi ya yale madogo yana neno zima. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba jiwe la beka limepatikana katika udongo uliochekechwa Yerusalemu. Herufi zake zimechongwa kinyume, kana kwamba zinasomwa katika kioo.

Mawe haya hayalingani kikamilifu. Mengine yamemeguka, mengine yamelika, na mkono wa mchongaji nao una mipaka yake. Ndiyo maana hatuchagui jiwe moja. Tunayapima mengi, tunagawanya uzito wa kila moja kwa idadi ya shekeli iliyoandikwa juu yake, kisha tunatafuta wastani. Raz Kletter, aliyechapisha uchunguzi mpana wa mawe hayo mwaka 1998, aliweka shekeli ya Yuda kwenye gramu 11.33 hivi. Kuna uthibitisho mwingine kutoka nje: shekeli nane hufikia karibu gramu 91, na hiyo ndiyo debeni moja, kipimo cha uzito cha Misri ya kale.

Sasa kazi ni nyepesi. Beka ni gramu 5.7, gera ni zaidi kidogo ya nusu gramu, talanta ni kilo 34. Dirii ya Goliathi: 5,000 mara 11.33 ni gramu 56,650.

Hapa msomaji asiharakishe kuandika kilo 56.65. Shekeli ikiwa gramu 11.2, jibu ni kilo 56, ikiwa 11.5, ni kilo 57.5. Tofauti ndogo katika jiwe moja imezidishwa mara elfu tano. Jibu la haki ni "takriban kilo 57", tena kwa sharti kwamba mawe ya karne ya 8 na ya 7 yanafaa kwa kisa kinachosimuliwa kuwa cha miaka mingi kabla yake.

Sharti hilo si dogo, kwa maana shekeli ilibadilika kwa mahali na kwa zama. Huko Babeli ilikuwa karibu gramu 8.4, na talanta yao ilikuwa shekeli 3,600, yaani kilo 30 hivi. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kodi ya Hekalu ya nusu shekeli ililipwa kwa fedha ya Tiro, ambayo shekeli yake ilikaribia gramu 14. Nusu yake ni gramu 7, ilhali beka tuliyoikokotoa kwa mawe ya Yuda ni gramu 5.7.