Mzee Wako Anahitaji Nyumba ya Serikali Marekani? Anzia Hapa

Hapa Louisville, Kentucky, nawajua wazee wetu wanaolala chumba kimoja na wajukuu, na kumbe wana haki ya kuomba nyumba yao wenyewe. Mtoto anayejua Kiingereza anafanya zamu ya usiku kwenye ghala, barua zinarundikana juu ya friji, na jirani alishawaambia kwamba Section 8 imefungwa. Basi, wanakaa. Nilianza kushughulika na mambo haya kwa ajili ya mama yangu mzazi, baadaye nikawa nawasindikiza wengine, wengi wao Wakongo waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia wote wanaonipigia simu.

Msaada wa nyumba Marekani hauko mahali pamoja. Fedha nyingi zinatoka Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, HUD, lakini HUD haimpangishi mtu. Miji na kaunti nyingi zina ofisi zao za nyumba, na kila ofisi ina orodha yake ya kusubiri. Section 8, iliyoanzishwa mwaka 1974, ni vocha: unatafuta nyumba kwa mtu binafsi na serikali inamlipa mwenye nyumba sehemu ya kodi. Kuna pia nyumba za umma zinazosimamiwa na ofisi yenyewe, zenye orodha nyingine. Halafu kuna majengo ya wazee ya mpango wa Section 202, ulioanza mwaka 1959, ambayo mengi yanaendeshwa na mashirika yasiyo ya faida, yakiwemo ya makanisa. Huko anaingia mtu mwenye kipato kidogo aliyefikisha miaka 62, na kila jengo lina orodha yake.

Kwa hiyo ukiambiwa "imefungwa", uliza ni ipi. Mara nyingi iliyofungwa ni orodha ya vocha tu. Mama yangu hakupata vocha. Alipata jengo la wazee, chumba kimoja cha kulala chenye jiko lake na lifti mlangoni, kwa sababu tulikwenda jengo kwa jengo tukiomba fomu. Familia zenye watoto nazo naziambia ziombe kila orodha iliyo wazi, hata ya kaunti jirani. Kuomba ofisi kadhaa kwa wakati mmoja kunaruhusiwa. Hakuna sababu ya kuweka matumaini yote kwenye ofisi moja, maana msaada huu hautoshi: kaya takriban milioni 2.3 zinatumia vocha, na kati ya kaya zenye sifa ya kupata msaada wa kodi, ni karibu moja tu kati ya nne inayoupata. Kusubiri miaka ni jambo la kawaida. Ndiyo maana mtu anatakiwa kuomba kabla shida haijamkaba.

Kabla ya kujaza fomu, weka karatasi zote mezani uzilinganishe. Watu wetu wengi wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa kambini hakukuwa na cheti. Baba ana jina moja la mwisho, watoto wana lingine, na mama ana la tatu. Hilo si kosa, lakini majina yaandikwe kwenye fomu kama yalivyo kwenye kadi ya Social Security na kwenye hati ya uhamiaji, herufi kwa herufi. Tarehe nayo Wamarekani huanza na mwezi: 03/07 kwao ni tarehe 7 Machi. Nimeona ombi la mzee likikwama kwa tofauti ya namna hiyo tu. Na umri unaohesabiwa ni ule wa karatasi. Kuna babu mmoja ambaye ukoo mzima unajua amevuka sabini, ila hati zake zinasema 59, na jengo la wazee halina namna ya kumsaidia mpaka hati zirekebishwe.

Wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye ukaazi wa kudumu wote wanaruhusiwa kuomba. Si lazima uwe raia. Kuomba ni bure. Yeyote anayekudai dola ili "akupandishe kwenye orodha" ni tapeli, hata kama anaongea Kiswahili kizuri na mnasali pamoja. Kama Kiingereza kinawapa shida, ombeni mkalimani. Msimtumie mtoto wa miaka kumi kutafsiri mambo ya mapato ya mzazi wake. Ni mzigo usiomfaa, na makosa yake mtayabeba nyie.

Ukishaomba, kazi kubwa inaanza, na hapa ndipo watu wetu wengi wanapoangukia. Ofisi hutuma barua kuuliza kama bado unahitaji msaada. Ina tarehe ya mwisho. Usipojibu, jina linafutwa na unarudi mwanzo. Bahasha yenyewe haina cha kukushtua: nyeupe, yenye kidirisha cha plastiki, imefanana na matangazo ya bima. Mama mmoja aliyesubiri kwa miaka alifutwa kwa kuwa alihamia mtaa wa pili na barua ikaenda nyumba ya zamani. Ukihama, iandikie kila ofisi uliyoomba anwani mpya siku hiyohiyo. Ukibadilisha namba ya simu, vilevile. Nyumbani kwetu kuna daftari moja lenye jina la kila ofisi, tarehe tuliyoomba na namba ya ombi, na kila bahasha inafunguliwa, hata inayoonekana ya kijinga.

Vocha ikitoka, elewa hesabu yake. Ofisi inachukua mapato yote ya kaya, inatoa makato, na sehemu ya mpangaji kwa kawaida ni asilimia 30 ya kinachobaki. Tuseme bibi anabakiwa na dola 900 kwa mwezi baada ya makato, na kiwango cha kodi kinachotumiwa na ofisi kwa chumba kimoja pamoja na umeme na maji ni dola 1,200. Akipata nyumba ya 1,200, yeye analipa 270 na ofisi inalipa 930. Akipenda ya 1,400, ile 200 ya juu ni yake, jumla 470. Hiyo, ofisi itaikataa, kwa sababu wakati wa kuingia mpangaji haruhusiwi kutoa zaidi ya asilimia 40 ya mapato hayo, yaani 360. Kwa bibi huyu mwisho ni nyumba ya 1,290. Jua namba yako kabla hujaanza kuzunguka.

Makato ndiyo wazee wanayoyapoteza bure. Kaya ambayo mkuu wake ana miaka 62 au zaidi ina punguzo lake, na gharama kubwa za matibabu anazolipa mzee mfukoni zinaweza kuhesabiwa pia. Tunza risiti za dawa, miwani na meno. Watoto nao wana punguzo. Hakuna atakayekukumbusha.

Muda wa kutafuta nyumba kwa vocha hauwi chini ya siku 60, na unaweza kuomba uongezwe. Omba mapema, kwa maandishi. Baadhi ya wenye nyumba hawataki vocha, na katika majimbo mengi sheria haiwalazimishi. Ila kukukataa kwa sababu una watoto, au kwa sababu ya ulikotoka, ni marufuku nchi nzima, isipokuwa majengo yaliyotengwa kwa wazee yanaweza kutochukua watoto. Nyumba itakaguliwa kabla ya kuhamia: king'ora cha moshi, maji ya moto, madirisha, rangi inayobanduka. Usisaini wala kulipa chochote kabla ukaguzi haujapita.

Mkishaingia, kuna mambo mawili. Jambo la kwanza ni mapato. Mzee mkimbizi anayepokea SSI, yaani fedha za serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, huwa na ukomo wa miaka saba ikiwa hajapata uraia. Siku fedha hizo zikikatika, familia huhangaika kukopa ili kulipa kodi ileile, na kumbe wangepeleka barua ya kusitishwa kwa SSI ofisi ya nyumba, sehemu ya mzee ingehesabiwa upya na kushuka. Peleka barua hiyo wiki hiyohiyo. Mapato yakipanda pia, sema. Kuficha kazi ya mtoto mkubwa kumewatoa watu kwenye nyumba na kuwaachia deni.

La pili ni wageni, na hili linaniuma kwa sababu linagongana na malezi yetu. Mpwa amefika kutoka jimbo lingine, hana pa kulala; nani atamfungia mlango? Lakini mkataba unataja kila anayeishi humo, na mara nyingi mgeni anaruhusiwa siku 14 tu. Zaidi ya hapo anahesabiwa mkazi aliyefichwa, na nyumba nzima inaweza kupotea kwa ajili yake. Mpokeeni, mlisheni, ila kabla muda haujaisha nendeni ofisini muombe aongezwe, au ndugu wengine wagawane kumlaza. Mzee anayehitaji mtu wa kumhudumia usiku anaweza kuombewa msaidizi anayeishi naye, kwa barua ya daktari, na mapato ya msaidizi hayahesabiwi.

Kama mzazi wako amefikisha miaka 62 na bado analala sebuleni, piga 211, namba ya kuulizia huduma za jamii, wiki hii uwaombe wakutajie majengo ya wazee ya eneo lako, kisha nenda naye mkachukue fomu. Usimwachie mzee kazi hiyo peke yake.