Motokaa Iliyokataa Kuamka

Nzuguni ni mahali upande wa mashariki wa mji wa Dodoma, kando ya njia kuu iendayo Morogoro. Hapo palikuwa na dereva mmoja mwenye motokaa ya kuchukua abiria. Motokaa ile ilikuwa na ugonjwa wa ajabu: siku nyingine iliamka mara moja, siku nyingine ilikataa kabisa. Usiku mmoja dereva aliitwa kumpeleka hospitali mama mwenye uchungu wa kuzaa. Akazungusha ufunguo, injini isigeuke. Majirani wakaisukuma gizani hata ikawaka, na mama akafika salama, lakini kwa shida kubwa.

Dereva akanunua betri mpya. Kwa siku tisa motokaa ikaamka vizuri. Siku ya kumi ikakataa tena. Ndipo akanuia kuuza mbuzi wake wawili ili anunue stata, yaani mota ya umeme igeuzayo injini. Zamani watu waligeuza injini kwa mkono, kwa chuma ambacho kiliweza kurudi nyuma ghafula na kumvunja mtu mkono. Mwaka 1911 Charles Kettering wa Marekani alitengeneza stata ya umeme, nayo ikatiwa katika motokaa za Cadillac za mwaka 1912.

Kabla ya kuuza mbuzi, dereva alimwendea fundi mzee.

“Shikamoo, mzee. Stata yangu imekufa.”

“Marahaba, mwanangu. Umejuaje kuwa ni stata?”

“Betri ni mpya. Kumebaki nini tena?”

“Je, sasa hivi motokaa imekataa?”

“Imekataa, iko nyumbani.”

“Vema. Asiiguse mtu. Ugonjwa uendao na kurudi hupimwa ungalipo.”

Walipofika, fundi alihakikisha kuwa gia haikuingia, akawasha taa, nazo zikang'aa. Dereva akazungusha ufunguo. Taa zikazimika mara moja. Alipouachia, zikarudi.

Fundi akasema, “Kama taa zingebaki ziking'aa na stata kimya, tungetafuta katika ufunguo, katika nyaya za stata, au katika stata yenyewe. Lakini zimezimika, basi ama betri haina nguvu, ama njia ya umeme imezibika karibu nayo.”

Akatwaa kipimo cha umeme, akapima vichwa viwili vya betri: volti 12.6. Betri ilikuwa nzima. Kisha akaweka ncha moja ya kipimo juu ya kichwa cha betri, na ya pili juu ya kishikio cha waya kinachokibana. Ufunguo ulipozungushwa, kipimo kikapanda hata volti 10. Mahali safi pasingefika hata nusu ya volti moja. Akafungua kishikio, na ndani yake mlikuwa na ukoko mweupe.

Dereva akauliza, “Mbona taa ziliwaka?”

“Mfereji mwembamba hutosha kujaza kibuyu, lakini hautoshi kunywesha kundi la ng'ombe. Taa hutaka umeme kidogo. Stata hutaka mwingi sana.”

“Na mbona betri mpya iliponya siku tisa?”

“Betri haikuponya. Aliyeiweka alikitikisa kishikio, kikagusa vizuri kwa muda. Kisha mashimo ya njia yakakilegeza tena.”

Fundi akasugua kichwa na kishikio kwa msasa hata vikang'aa, akakaza nati. Ufunguo ukazungushwa mara kumi, na mara kumi injini ikawaka. Mbuzi wakabaki zizini.

Basi, jambo likifuata jingine, usiseme upesi kwamba la kwanza ndilo lililoleta la pili. Pima kwanza, kisha toa fedha.

MASWALI
1. Kwa nini fundi hakutaka mtu aiguse motokaa?
2. Taa zilimfundisha fundi nini?
3. Eleza mfano wa mfereji na kundi la ng'ombe.
4. Dereva alidanganyikaje juu ya betri mpya?