Dondoo muhimu: Matembezi ya baada ya masika ukifikia Sigino, Babati

Njoo Juni au Julai. Masika yamekwisha, mashamba ya mbaazi bado ni ya kijani, na asubuhi ni baridi hasa. Beba sweta, hata kama ndugu zako wa Dar watakucheka.

Anza na Ziwa Babati, maana liko hapo hapo mjini. Patana bei ya mtumbwi kabla ya kupanda, na mwachie mwenye kasia aamue umbali wa kuwasogelea viboko. Usimhimize kwa ajili ya picha. Jioni usizurure kando ya maji, kwani ndipo wanapotoka kula majani.

Mlima Kwaraa unautazama mji. Tafuta kibali na mwongozaji mjini, kisha uondoke alfajiri. Msitu wake una nyati, kwa hiyo kupanda peke yako ni ujinga. Hanang, wenye mita zaidi ya 3,400, unaanzia Katesh. Hiyo ni safari ya siku nzima ya miguu iliyozoea.

Michoro ya miambani ya Kondoa, Urithi wa Dunia tangu 2006, iko njia ya Dodoma. Shuka Kolo na ulipie kwenye ofisi ya mambo ya kale.

Kwa Hifadhi ya Tarangire, Mtanzania asisahau kitambulisho: kiingilio chake ni nafuu mno.

Ukibaki hadi 8 Agosti, Nane Nane ya Kanda ya Kaskazini hufanyika Themi, Arusha. Weka nafasi ya basi mapema.