Rangi ya Mbegu Hutoka kwa Mama

Shikeni mbegu za haradali mkononi. Zingine ni za manjano, zingine za kahawia. Ukizimenya zote, ndani utakuta manjano tu. Kwa hivyo hiyo kahawia iko kwenye ganda peke yake. Inatoka wapi?

Ganda la kahawia lina tanini, kitu kile kinachokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini hizi ni za jamii ya flavonoidi. Mmea huzitengeneza kwa hatua nyingi, na kila hatua ina jeni yake. Lakini nani anaamuru kazi ianze? Jibu lilipatikana katika gugu dogo liitwalo Arabidopsis, ndugu wa haradali na wa sukuma wiki. Humo kuna jeni tatu za amri: TT2, TT8 na TTG1. Fikirieni sanduku la akiba la chama lenye kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu. Wawili wakifika na mmoja akose, sanduku halifunguki. Basi hata hapa, mmoja akikosekana tanini haitengenezwi, na mbegu inabaki manjano.

Katika haradali ya manjano anayekosekana ni TT8. Na kwa vile haradali ilitokana na mimea miwili iliyochanganyika zamani, ina TT8 ya kila upande, na lazima zote mbili ziwe zimeharibika.

Faida iko. Ganda la manjano ni jembamba, na makapi hupungua. Mwaka wa 2020 watafiti wa Uchina walitangaza kwamba wamezima TT8 katika mmea wa kanola, wakapata mbegu za manjano zenye mafuta zaidi. Mashudu nayo huwa bora, kwa sababu tanini hushika protini mnyama asiipate yote. (Lakini mashudu ya haradali yana ukali wake mwingine, msiwajazie kuku.)

Haya, tusikimbilie. Tanini ni koti la mbegu. Katika lile gugu, mbegu zisizo na tanini huingiza maji upesi na huzeeka haraka zikiwekwa. Anayeweka mbegu za manjano azikaushe sawasawa na kupima uotaji kabla ya mvua: hesabu 100, zifunge kwa kitambaa chenye maji, uone ni ngapi zimeota.

Sasa sehemu inayopoteza watu. Ganda ni mwili wa mama. Mtoto yuko ndani. Tuseme nyuki ametoka shamba la jirani lenye haradali ya kahawia akatua kwenye maua yenu ya manjano. Mbegu zitakazotoka bado zitakuwa manjano, kwa sababu mama ni wa manjano. Mtazichagua kwa macho, mtaziuza kama mbegu safi. Mnunuzi akipanda, ile mimea iliyochanganyika itazaa kahawia tupu, na atarudi kwenu na maneno. Akipanda tena hizo za kahawia, kwa kila mimea 16 ni mmoja hivi utakaozaa manjano.

Kwa hivyo kuchagua mbegu kwenye ungo hakutoshi. Wekeni alama kwenye mimea ya katikati ya shamba, mbali na ya jirani, na mvune hiyo peke yake kwa mbegu.

Mjadiliane: jirani yenu amepanda haradali gani, na nani ataenda kuongea naye kabla ya kupanda?