Ukivunjika Jino kwa Kijiwe Kwenye Chakula cha Pakiti

Ukitafuna maharagwe ya mkebe ukasikia gego limepasuka, usimeze wala usitupe. Tema kiganjani: kijiwe hicho ndicho shahidi wako mkuu. Kitie kwenye mfuko safi pamoja na kipande cha jino. Mkebe nao uhifadhi, kwa sababu una namba ya bechi, na watu wengi huutupa kwa hasira. Piga picha, tunza risiti.

Muone daktari wa meno siku hiyohiyo. Mwombe aandike chanzo cha jeraha, si matibabu peke yake.

Nchini Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inakupa haki ya fidia kwa madhara yaliyotokana na bidhaa yenye kasoro. Iandikie kampuni, uripoti pia kwa Shirika la Viwango la Kenya (KEBS). Kampuni ikitaka kukichunguza kijiwe, itumie picha kwanza. Ikikataa kukulipa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili.

Ikikuletea katoni ya bidhaa zake kama pole, pokea ukipenda. Lakini usitie sahihi hati yoyote ya kumaliza madai: jino lililopasuka huweza kuanza kuuma upya baada ya miezi.